Kosa la Kakakuona

Wanasema bondeni kulikuwa na timu ya kandanda ya wanyama, na msimu mmoja ilifungwa mechi zote kumi na mbili. Asubuhi moja wachezaji walikutana uwanjani, ukungu ukielea juu ya nyasi kama usingizi usiotaka kuisha, wakaanza kutafuta mchawi.

"Mchawi ni kipa," alisema Tumbili, mshambuliaji. "Mipira inampita huku ameduwaa."

"Anaota golini!" alidakia Ngiri, beki.

Kakakuona, kipa wao, aliyasikia maneno hayo kana kwamba yanatoka ng'ambo ya mto. Aliipenda timu ile, na moyo ulimwuma kufikiria kuiacha. Akasema taratibu, "Ni kweli, ndugu zangu. Kosa ni langu."

Wote wakashusha pumzi. Nyumbu, nahodha wao, akauliza, "Kosa lenyewe lipi?"

"Golini huonekana uwanja mzima. Nilimwona Tumbili akiwachezea watazamaji badala ya kutoa pasi. Nilimwona Ngiri akichimbua mizizi huku wapinzani wanapita. Nawe, nahodha, nilikuona ukisinzia wima. Niliogopa kuwaudhi, nikanyamaza msimu mzima. Hilo ndilo kosa langu."

Kisha Ngiri akainuka, akaenda mbele ya lango na kuanza kuyafukia mashimo yake, moja baada ya jingine.

"Ukiniona nachimba tena," alimwambia Kakakuona bila kumtazama, "nipigie kelele."