Kadi ya Mbeleko

Kila neno katika kamusi ile lilikuwa na kadi yake, na kila kadi ilibeba mstari wa mshairi ulioonyesha neno likitumika. Mwalimu Shekue, mhariri mkuu, alisukuma kadi moja mezani kuelekea kwa Mwanakheri, msaidizi wake aliyeiandika.

"'Mbeleko nimeikunja, lakini mgongo bado unakuulizia,'" alisoma. "Bi Rehani. Binti, nimepekua maktaba nzima. Huyu kaandika kitabu gani?"

"Hajui hata kusoma, Mwalimu. Ni mama yangu. Aliniambia hivyo siku nilipoondoka kwenda chuoni."

"Kwa hiyo umetubunia mshairi."

"Nimemnukuu aliyesema. Hao washairi wako, nani kati yao amewahi kubeba mtoto mgongoni?"

Mzee alitaka kucheka, akajizuia. Alivua miwani, akaipangusa, akausoma tena ule mstari, safari hii polepole na kwa sauti ya chini. Kisha akachukua kalamu nyekundu.

"Jopo la wahariri litataka barua ya kuomba radhi. Bila hiyo naifuta kadi, na kazi yako siwezi kuitetea."

Mwanakheri aliitazama kalamu ikielea juu ya jina la mama yake, haishuki.

"Siombi radhi, Mwalimu."