Furukombe Nambari Thelathini na Saba

Jumamosi hiyo Bildad aliingia Muhoroni na kadi moja katika mfuko wa ndani wa koti, akimwomba Mungu amsaidie kutenda haki bila mtu yeyote kujua. Kwa dalali, hilo si ombi la kila siku.

Wenye hela wa Kisumu walimjua vizuri. Mwaka huo wa tisini na tatu shilingi ilikuwa ikiporomoka, naye alipita kwenye nyumba kubwakubwa za Milimani akiwaeleza wenyewe kwamba ng'ombe hufa, miwa huungua, ploti huzaa kesi, lakini kadi hukaa tu ndani ya albamu ikipanda bei. Kadi zenyewe zilikuwa zile za ndege, zilizotiwa ndani ya pakiti za majani ya chai wakati wa mkoloni. Zilikuwa hamsini. Arobaini na tisa zilipatikana ukihangaika. Ile ya thelathini na saba, ya furukombe, yule ndege mla samaki, hakuna aliyeiona.

Bildad aliipata. Ilikuwa Luanda Kotieno, ndani ya Biblia ya Mama Anyango, mwalimu mstaafu, aliyeitumia kuweka alama kwenye Zaburi. Aliiachia kwa blanketi jipya, akacheka peke yake akijua amemlalia mtu wa mjini.

Hapo tamaa ikamshika dalali. Mzee Gordon, mwenye matrekta ya kubeba miwa huko Muhoroni, alikuwa ameisubiri kadi hiyo miaka minne. Tajiri mmoja wa Nairobi naye aliitaka, na ahadi yake ilikuwa nono zaidi. Bildad akaona hakuna sababu ya kumnyima mtu. Alikwenda kwa fundi wa kuchapisha kadi za harusi, akatengenezewa furukombe wa pili wa kumpelekea Mzee Gordon.

Furukombe huyo alitoka mweupe mno. Bildad akamzamisha kwa saa nzima ndani ya chai iliyobaki mezani, huku mkewe Rahab akimtazama. Kwa Rahab, strungi, ile chai isiyo na maziwa wala sukari, ni ya wagonjwa. Chai ya watu wazima hupikwa kwa maziwa na sukari ya kutosha. Kadi ilipokauka ilikuwa na rangi ya uzee hasa, na Bildad alijipongeza.

Mzee Gordon aliipokea kwa mikono miwili. Baada ya mwezi akapiga simu. Mtaalamu aitwaye Daktari Dishon alikuwa anatoka Nairobi Jumamosi kuikagua albamu, na ingekuwa heshima Bildad naye akiwepo kushuhudia.

Bildad hakula siku mbili. Habari ikitoka, kila nyumba ya Milimani ingefungua albamu yake na kumwita, na polisi wangefuata nyuma. Jina lake ndilo lililokuwa duka lake, hakuwa na lingine. Aliogopa, na woga ulimfundisha kile ambacho kanisa lilikuwa limeshindwa kumfundisha: tajiri wa Nairobi, aliyekuwa bado hajaichukua kadi, akose, Mzee Gordon apate kadi yake ya kweli.

Alipofika, alimkuta Mama Dorca, mke wa Gordon, akipangusa kabati la sebuleni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Alilalamikia sisimizi. Mwezi huo wote walikuwa wamemsumbua, wanapita sukari ya jikoni bila kuigusa na kwenda kukaa kwenye vitabu vya Mzee. Bildad alimpa pole, akili ikiwa kwingine.

Mzee Gordon aliweka albamu mezani. Mara honi ikalia nje.

"Bwana Bildad, kaa na kitabu," akasema. "Wacha nipokee daktari."

Mama Dorca akaenda jikoni. Mzee Gordon alikawia huko nje kuliko salamu zinavyohitaji, na Bildad akamshukuru Mungu kwa kila dakika. Alichomoa furukombe wa uongo, akamchomeka wa kweli, yule wa uongo akamtia mfuko wa ndani wa koti, akafunga albamu, kisha akakaa kama mgeni aliyelelewa vizuri.

Daktari Dishon aliingia akiwa na koti lililompwaya mabegani na tai iliyomkaba. Kucha zake zilikuwa na weusi ambao Bildad aliuchukulia kuwa wino wa wasomi. Alimkagua furukombe kwa kioo cha kukuza, polepole. Halafu akafanya jambo ambalo Bildad hakuwahi kuona mtaalamu akilifanya: aliinusa kadi, mbele na nyuma.

"Mzee, hii haina shida," akasema. "Hii ndio yenyewe."

Mzee Gordon alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaagiza chai. Bildad alikunywa vikombe viwili. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alishangaa jinsi uaminifu ulivyo mtamu, hata akawaza kuujaribu tena siku moja. Aliaga, akatembea hadi barabarani kungoja gari la Kisumu.

Akiwa pale kifua kikaanza kumwasha. Alifungua koti, akaona sisimizi wakitoka mfuko wa ndani kwa mstari mmoja mrefu, wakipanda kuelekea shingoni.

Alikuwa bado anajipukusa wakati trekta lenye shehena ya miwa lilipopunguza mwendo mbele yake. Dereva alikuwa amevua koti, lakini tai alikuwa nayo bado.

"Bwana Bildad," Daktari Dishon akamwambia kutoka juu, "Mzee anasema siku ingine utumie strungi."