Mchele wa Watu Watatu

Sikudhani alibonyeza kidole gumba kwenye mizani ya duka la Mangi Aloyce, akasubiri mchele wa watu wanne. Ukamiminika wa watu watatu, kisha mashine ikajifunga.

"Mangi, mashine yako imelewa leo!"

Mangi akachomoa waya wa mizani, akaufuta kwa shati, akauchomeka tena kwenye kompyuta yenye kanzidata ya majiko ya mtaa mzima na walaji wake. Risiti ikatoka vilevile: watatu.

"Waya mzima, dada. Kuna mtu kwako amejiandikisha jiko jingine. Si unajua, siku hizi huhami mpaka uandikwe kwanza unakokwenda kula."

Akachota konzi moja ya nyongeza, kama alivyozoea enzi za mizani ya mawe. Mashine ikapiga kelele, akaurudisha mchele guniani.

"Lakini asubuhi tumekunywa chai wote!"

Njiani akawawaza mmoja mmoja. Mama mkwe, na miguu yake ile, aende wapi? Binti yake mwenyewe, Zaituni, ana mitihani. Nyumbani akawakuta wote, na mumewe Hamdani akicheka na redio. Akapika, akapakua sahani tatu, akaziweka mkekani, akaketi.

"Mbona tatu, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Ngoja nilete nyingine, mama," Zaituni akasema, tayari ameshanyanyuka.

Hamdani aliendelea kunawa mikono polepole, macho kwenye beseni, asiulize kitu.