Jiko la Mgeni

Mama Zulekha, jirani wa ukuta mmoja na Mwanakombo, anasema yule mgeni wa kampuni ya majiko ya chuma alizungushwa ofisi za bandari siku tisa. Mwishowe aliambiwa mizigo yake haitatoka bandarini mpaka apate mwenyeji wa kumtilia sahihi, tena awe fundi wa majiko.

Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye kibao uani kwa Mwanakombo, mfinyanzi wa majiko ya udongo. Jiko lake moja la mfano lilikuwa miguuni, na karatasi mapajani.

Karatasi Mwanakombo hakuigusa. Aliwasha majiko mawili, la mgeni na la kwake, akayapimia mkaa sawasawa, akateleka maharage yaliyolala majini.

"Shoga, ukisaini tu, hayo ya udongo utayapandia maua," Mama Zulekha alisema kutoka dirishani.

"Kwanza ale. Mgeni haulizwi shida akiwa na njaa."

Maharage ya jiko la mgeni yaliiva kwanza, na mkaa ulikuwa umebaki. Mwanakombo alibonyeza punje moja, ikapondeka. Akatazama majiko yake ishirini yaliyoanikwa, bado mabichi. Mgeni naye akayatazama, kisha akainamisha macho.

Mwanakombo alipakua sahani, akampa kwa mikono miwili. Mgeni hakula. Aliiweka kando, akanyoosha kalamu.

"Dada, naomba jina lako. Bila wewe narudi na mizigo yote."

Mwanakombo aliiacha kalamu hewani, akachukua kipepeo, akaanza kupepea jiko lake, ambalo maharage yake yalikuwa bado magumu.