Kikohozi cha Bi Mashavu

Bi Mashavu wa Bondeni alikuwa mzima wa afya, lakini kila asubuhi baada ya uji alikohoa mara tatu, makusudi. Sheria ilikuwa wazi: mtu wa Bondeni akikohoa, king'ora hulia katika nyumba aliyopangiwa kule Mlimani, na mwenye nyumba sharti amjulie hali. Yeye alipangiwa Profesa Kilindo mwenyewe, aliyeandika kitabu kuonyesha kwamba watu wa bondeni hufa miaka kumi na minane kabla ya wale wa mlimani.

"Shikamoo, mama," sauti ikatoka kwenye kipaza sauti cha ukutani. "Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka nimeota pembe."

"Alhamdulillahi. Na maji yanatoka?"

Juzi alimwambia kwamba paka wake kaposwa, akajibiwa vivyo hivyo. Alidhani ni adabu tu. Si watu hata wakiwa taabani husema salama? Ila leo roho haikutulia.

"Profesa, mimi nilikufa jana. Wamenizika alasiri."

"Alhamdulillahi. Na maji yanatoka?"

Bi Mashavu akakitazama kiti alichokigeuza kuelekea ukutani, na bakuli la pili la uji alilokuwa akimwekea mgeni wake, kwa mzaha, mwaka wa pili sasa.

"Yanatoka," akasema. Sauti ikaaga.

Akalifunika bakuli. Ndipo kikohozi kikamjia chenyewe, kirefu, hata akashika meza.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Akafuta midomo kwa upindo wa kanga.

"Salama, mwanangu."