Kizingiti Kitupu

Katika kijiji kimoja cha Wakannada, katikati ya mashamba ya ulezi, hakuna mwanamke aliyemshinda Ningavva kuchora maua ya unga wa mchele mbele ya kizingiti. Ndipo jirani yake wa upande wa juu, Bibi Kalavva, akaoza mwanawe, na mkamwana akaja na vidole vyake vyepesi vya kuchora. Tangu hapo wapita njia hawakumtazama Ningavva tena.

Asubuhi ile mkamwana alichora tausi. Tausi mzima, na manyoya yake! Mkamwana alipoingia ndani kuwasha moto, Ningavva alivuka kichochoro na ndoo, kijicho kikimchoma, akammwagia ndege yule maji yote, akakimbilia kwake.

Kwa hasira alisahau jambo ambalo hata watoto wa pale wanalijua: nyumba isiyochorwa asubuhi ni nyumba yenye maiti.

Muuza maziwa alikiona kizingiti kitupu, akatua debe lake, akaangua kilio. "Bibi Kalavva katutoka, jamani!" Majirani wakamiminika, wakalia naye.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Kalavva akasimama pale na kikombe cha chai.

"Mnamlilia nani, wanangu?"

 Maji yaliyogeuka meupe kama tui yalikuwa yakiteremka kichochoroni, na macho ya watu yakayafuata polepole, hadi mlangoni ambapo Ningavva alisimama na ndoo yake. Hapo maji yakatuama, yakaanza kuyafuta maua yake, moja baada ya jingine.