Risasi ya Watu

Marlys aliiweka risasi juu ya kioo cha kaunta. Ncha yake ilikuwa na katundu, kama jino lililotoboka.

"Naomba kasha la hizi. Nakwenda kuchuma matunda kule mtoni."

Muuza bunduki akacheka. "Mama, hii ni ya watu! Ikimwingia dubu inachanua kama ua, inaishia kwenye mafuta. Utakuwa umemtekenya tu." Akamwekea nyingine, nzito, yenye ncha butu. "Alaska hii, porini tunabeba hizi. Hii inavunja mfupa. Nani kakudanganya?"

"Hakuna. Nilizinunua mwenyewe, zawadi ya kumpa mume wangu. Kasha lake lilikuwa zuri kuliko yote."

"Basi mwambie mzee azirudishe, asije..."

Akamtazama vizuri. Koti alilovaa Marlys lilikuwa la kiume. Begani lilikuwa limechanika mistari minne, na kila mstari umeshonwa vizuri kwa uzi mpya.

"Bastola yake waliikuta tupu," Marlys alisema, akiitazama ile yenye tundu. "Siku zote hizi nilidhani alimkosa."